Sukari Isiyofika Mbele

Baba alimvunja mama mkono Jumapili asubuhi, mlangoni mwa jikoni, kwa sababu ya bakuli la sukari. Mama alikuwa ameliinua juu ya kichwa, kama mtu anayemnyima mtoto kitu, akisema, "Mzee, umeweka vijiko saba. Wacha na wengine wakunywe chai." Baba hakupandisha sauti. Aliushika mkono wake chini ya kiwiko, akauegemeza kwenye fremu ya mlango kama mtu anayepasua kuni kwa goti, akausukuma. Nilisikia mlio wa mfupa kabla ya kumsikia mama. Kisha baba aliokota bakuli, akaketi kwenye kigoda, akaanza kulamba sukari kwa kidole, na mama yuko sakafuni mbele ya miguu yake.

Nayaandika haya kwa mpangilio nilivyoyaona, kwa maana baadaye kila mtu alikuja na mpangilio wake.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akaanza kazi katika machimbo ya nyuma ya Kitengela, siku zile ambapo mji wenyewe ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Alichonga kwa nyundo na tindo. Jiwe likishachongwa, alilipitishia kidole gumba ukingoni, polepole, macho ameyafumba, na kama kidole kilikwama popote alilitupa. Nyumba yetu aliijenga mwenyewe. Katika utoto wangu wote alinichapa mara moja tu, tena kwa kandambili, na baadaye akaninunulia mandazi.

Huyo ndiye aliyekuwa akilamba sukari.

Kabla ya mkono wa mama kulikuwa na mambo mengine, lakini tuliyaona moja moja na kuyapa kila moja sababu yake. Alicheka mazishini, kaburi likiwa wazi. Alinyoosha mkono akala nyama kutoka sahani ya mgeni. Alimuua mbwa wetu kwa nyundo kwa sababu alibweka, akarudi mezani kumalizia ugali, na nyundo akaiweka kando ya sahani. Wajomba zangu walisema ana mwanamke mahali. Shangazi, dada yake baba, alisema ni roho, akaanza kuja na mafuta ya maombi. Hakuna aliyesema ni ugonjwa, kwa sababu sisi mgonjwa wa kichwa tunamjua kwa kusahau, na baba hakusahau kitu. Alijua siku, alijua tarehe, alijua majina ya wajukuu wote, alijua ni nani aliyemuuzia saruji mbovu mwaka tuliochimba choo.

Wiki chache baadaye ikawa zamu ya jirani.

Jirani yetu ni mzee wa Kimaasai. Ndiye aliyemuuzia baba kiwanja, na tangu siku ile walikubaliana kwamba mbuzi wake watapita uani kwetu kwenda kwenye maji. Kila asubuhi alisimama kwenye seng'enge akaita salamu ya Kimaasai, "Supa!" na baba akajibu, "Supa oleng!" kwa lafudhi yake ya Kikamba, na mzee akacheka: "Hii Maa yako inachechemea kama ng'ombe mzee." Miaka yote hiyo mzaha ulikuwa huo huo.

Asubuhi ile mzee aliita, "Supa!" Baba alikuwa akipanga mawe. Hakujibu. Mzee akaita tena. Baba akainuka, akatembea hadi kwenye seng'enge bila haraka, akachomoa rungu la mzee kutoka chini ya kwapa lake, akampiga nalo usoni. Pigo la kwanza lilitua kwenye jicho la kushoto. La pili lilimkuta anaanguka. La tatu alimpiga yuko chini, begani. Mbuzi walitawanyika wakipita juu yake. Nilipofika, baba alikuwa ameshalirudisha rungu, amelilaza vizuri kando ya mwenyewe, anarudi kwenye mawe yake.

Jicho halikuokolewa.

Kituoni baba alieleza kila kitu. "Nilimpiga hapa, na hapa, halafu hapa," akijionyesha mwilini mwake mwenyewe.

"Kwa nini, Mzee?" afisa akamuuliza.

"Alikuwa amesimama."

"Unajua umeharibu jicho la mtu?"

"La kushoto," baba akamsahihisha.

Daktari aliyempima kwa ajili ya kesi alimuuliza tarehe, akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akaandika kwamba ana akili timamu. Baba alipelekwa mahakamani Kajiado, akashtakiwa kwa kumdhuru mtu vibaya. Mahakama ile naijua. Kwa miaka kadhaa nimeripotia redio kesi zake, nikikaa kwenye benchi letu la pembeni, na nimeona wengi wakipanda kizimbani. Baba alipopanda, alicheka. Hakimu alipomuuliza kama ameelewa shtaka, alijibu, "Nimeelewa. Uko na peremende?" Watu walicheka. Hakimu hakucheka, na nilimwelewa: mbele yake alisimama mtu mwenye kumbukumbu kamili, asiye na majuto, anayemfanyia kejeli.

Kabla hatujapata dhamana alikaa rumande siku chache. Humo alinyoosha mkono kwenye sahani za watu, kama alivyozoea nyumbani. Alitoka meno matatu ya mbele hayapo, sikio limechanika, na mbavu zimepigwa hata kukohoa hawezi. Askari aliyetukabidhi alimwambia mama, bila ubaya, "Mama, huyu akihukumiwa, mtakuja kuchukua mwili."

Kwa hiyo tulijua kilichokuwa kwenye mizani. Kwa kosa hilo mtu hufungwa miaka mingi, na baba asingemaliza hata mmoja. Yote yalikuwa yanategemea swali moja, ambalo mama alikuwa akijiuliza tangu siku ile ya jikoni, na sasa mahakama ilikuwa inaliuliza kwa maneno yake: alijua anachofanya?

Vijana wa jirani walikuwa na jibu tayari. Walikuja watatu wakasimama penye seng'enge, na yule mkubwa akasema, "Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini huyo mzee wako akivuka hii waya, hatutaita polisi."

Mama akainua mkono wenye plasta. "Si mnaona? Alianza na mimi."

"Tunaona. Alifanya mazoezi nyumbani kwanza."

Mama akaushusha mkono. Usiku na mchana hilo ndilo lililomtafuna: kwamba labda baba alijua ni yeye.

Daktari wa ubongo tuliyempata Nairobi alimtazama baba muda mrefu bila kumuuliza tarehe. Alimpa karatasi achore, akamwonyesha picha za nyuso akamuuliza nani ana hasira, nani anaogopa. Baba hakutambua hata moja. Daktari akamuuliza mama, "Anapenda vitu vitamu?" Mama akaanza kulia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu ule mkono.

Daktari alitueleza hivi. Picha ya kwanza aliyopigwa, ile ya mashine ya sumaku, ilionyesha umbo la ubongo tu, na umbo lilikuwa limesinyaa kidogo, jambo linaloweza kuwa uzee. Alitaka picha ya kuonyesha kazi. Ubongo hula sukari. Mgonjwa hudungwa sukari kidogo iliyofungwa na chembe inayotoa mionzi, anasubiri, halafu mashine inaisoma mionzi hiyo na kuonyesha sukari imekwenda wapi. Sehemu inayofanya kazi inang'aa. Sehemu inayokufa haili, kwa hiyo inabaki giza.

"Lakini lazima afunge," daktari akasema. "Kuanzia jioni, maji matupu tu. Sukari ya chakula ikiwa kwenye damu, hii yetu haitaingia vizuri na picha itatudanganya."

Shangazi aliitikia kwa nguvu zote. Kufunga alikujua. Na ndiye tuliyemkabidhi baba usiku ule na asubuhi ile, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki ambaye baba hakumwinulia mkono.

Asubuhi ya safari baba alikuwa mtulivu ajabu. Alikaa kwenye gari la binamu yangu, Probox, mwana wa shangazi, akitazama malori ya saruji kuanzia Kitengela mpaka Mlolongo. Hospitalini dada wa mashine alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakunja uso. Akamchoma kingine.

"Amekula nini huyu?"

"Hajala kitu tangu jana saa kumi na mbili," shangazi akasema. "Amefunga. Mimi mwenyewe nimefunga naye."

"Amekunywa nini?"

"Turungi tu, chai ya rangi."

"Turungi ya sukari?"

"Sasa turungi bila sukari mtu atapata nguvu wapi? Hata kanisani kwetu mfungo wa siku tatu turungi inaruhusiwa. Maziwa ndiyo hapana. Maziwa ni chakula."

Dada wa mashine alitutazama mmoja mmoja. Akaeleza polepole kwamba ile sukari ya mionzi hutengenezwa asubuhi hiyo hiyo, na nguvu yake inapungua kila saa, haiwekwi kabatini kumngoja mtu. Ya baba ilikuwa imekwisha kupotea. Turudi wiki ijayo.

"Vikombe vingapi, Shangazi?" nikamuuliza nje.

"Si alikuwa anagonga kichwa ukutani! Ungetaka nifanye nini, nimwangalie avunje kichwa ndio mkipige picha?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Vitatu. Na kile cha kwenye flask."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya kesi kutajwa. Hapakuwa na wiki nyingine. Jioni ya kuamkia safari mama alitoa sukari yote nyumbani, na peremende za mfukoni mwa baba, na hata dawa ya kikohozi, akavipeleka kwa jirani wa upande wa pili. Baba aliitafuta usiku kucha. Kulipokucha, kabati la vyombo lilikuwa limeng'olewa ukutani.

Ilibidi watu wanne wamwingize garini. Kuanzia Athi River alianza kupiga teke kiti cha dereva, teke moja baada ya jingine, kwa utaratibu ule ule aliokuwa akichongea mawe. Kisha akaanza kugonga kioo kwa paji la uso. Nilimkumbatia kwa nyuma, akageuza shingo akaniuma kwa meno yaliyobaki juu ya kifundo cha mkono na hakuachia. Damu yangu ilimtiririka kidevuni. Binamu alikuwa akiendesha huku kichwa kikirushwa mbele kila teke lilipotua.

"Baba Yetu, ninakemea hii roho..." shangazi akaanza, macho amefumba.

"Mum, kemea ukiwa umeshika mlango!" binamu akapiga kelele. "Atafungua huyo!"

Na kweli alikuwa ameshaufungua. Lori lilitupita karibu hata upepo wake ukaufunga tena.

Hospitalini kipimo cha damu kilikuwa sawa. Dada wa mashine aliona paji la uso wa baba, akaona mkono wangu, akaona plasta ya mama, akavuta pumzi. "Dawa ya kumtuliza ninayo," akasema, "lakini siwezi kumpa sasa. Itabadilisha jinsi ubongo unavyokula. Nitamdunga sukari, akae nusu saa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, asiongee, asisomewe, asiwekewe redio. Baada ya hapo ndio nimpe ya usingizi tumpige picha. Hiyo nusu saa lazima kuwe na mtu wa kukaa naye, na mtu huyo akae kimya."

Wanaume wawili wa ulinzi walijitolea kumfunga kitandani. Mama akasema hapana, akifungwa atapigana mpaka mwisho. Akasema ataingia yeye.

"Mama, lazima nikuulize," dada wa mashine akasema. "Akishadungwa, anakuwa anatoa mionzi kidogo. Uko na mimba?"

Mama alimtazama. "Mjukuu wangu ako Form Two," akasema. "Nikiwa na mimba, huyu mtoto wangu aite redio yake."

Nilitazama kupitia kioo kidogo mlangoni. Dada wa mashine alimdunga baba huku walinzi wamemlalia miguu na mabega, kisha wakatoka, mlango ukafungwa. Baba alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, mama kwenye stuli kando yake, upande wa mkono uliovunjika. Hakukuwa na mahali pengine pa kukaa. Baba alisimama. Mama hakusogea. Baba akazunguka chumba, akapiga ukuta kwa kiganja, akarudi, akasimama juu yake, ngumi zimekunjwa kwenye usawa wa kichwa chake. Dada wa mashine alikuwa na mkono kwenye kitasa. Nadhani mimi ndiye niliyeushika mkono ule usifungue, lakini sina hakika.

Mama aliinua ile plasta, akailaza kwenye sehemu ya kiti cha baba ya kuegemeza mkono, pale penye nafasi yake, kama mtu anayeweka jiwe mezani.

Baba aliitazama. Akakaa. Akaushika mkono wa mama kwa mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko, pale pale alipoushika siku ile. Mama alifumba macho. Kisha kidole gumba cha baba kikaanza kupita kwenye ukingo wa plasta, polepole, kikifika mwisho kinarudi. Palikuwa na mahali ambapo plasta ilikuwa na kipele. Kidole kilikwama hapo, kikapita, kikarudi, kikakwama tena. Aliisugua kwa ukucha nusu saa nzima bila kusema neno, na mama hakuongea, hakulia, hakuondoa mkono.

Alipopata dawa ya usingizi na kusukumwa kwenye mashine, mama alimuuliza dada yule, "Sasa hiyo picha itasema kama alijua ni mimi?"

"Hapana, Mama. Hakuna mashine ya kusema hivyo. Itasema ni sehemu gani haili."

Daktari alituonyesha siku chache baadaye. Ubongo wa baba ulikuwa umepakwa rangi na kompyuta: nyuma mwekundu na manjano, pembeni manjano, na mbele, nyuma tu ya paji lile alilogongea kioo, bluu nzito inayokaribia weusi, pande zote mbili. Hata mtu asiyesoma angeona mahali moto ulipozimika.

"Kumbukumbu iko huku, na bado inakula," daktari akasema. "Ndiyo maana anajua tarehe. Hii ya mbele ndiyo inayomzuia mtu asifanye kila linalomjia, na ndiyo inayomfanya aone maumivu ya mwingine. Fikirieni lori la machimbo. Injini nzima, usukani mzima, breki hakuna." Akatuambia pia, bila kuzungukazunguka, kwamba ugonjwa huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na giza lile litazidi kusogea.

Shangazi aliuliza, "Na roho?"

"Hiyo sikuipiga picha, Mama," daktari akasema.

Mahakamani daktari alieleza yote hayo tena, mbele ya hakimu yule yule. Picha ilipitishwa kwa mwendesha mashtaka, kisha mzee jirani akaomba naye aione. Aliisogeza karibu na jicho lililobaki, akaizungusha, akauliza mbele ni wapi. Aliporudi kizimbani kwa mashahidi, hakimu alimuuliza kama ana la kusema.

"Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilimsalimia mara mbili," mzee akasema. "Mtu akikupiga bila kukujibu salamu, amekuhesabu kama mnyama. Sasa naona hii salamu haikufika. Mimi sina maneno na mtu ambaye salamu haimfikii. Lakini mumshike. Mumshike vizuri."

Hakimu aliamua kwamba baba hawezi kujibu mashtaka. Hatapelekwa jela. Tutamtunza sisi, kwa masharti: matibabu, mtu wa kumlinda mchana na usiku, na asikaribie seng'enge. Mama aliweka kidole kwenye wino na kutia sahihi ya dole, ijapokuwa anajua kuandika. Mkono wa kuandikia bado ulikuwa kwenye plasta.

Nje, kwenye ngazi, tulimshika baba kila upande. Mzee jirani alitoka na wanawe. Mahali penyewe ni pembamba, hakukuwa na njia ya kupishana mbali. Mzee alisimama mbele yake.

"Supa," akasema.

Baba alimtazama. Kisha mkono wake ukachomoka kutoka kwangu, ukaenda moja kwa moja usoni kwa mzee, upande wa kushoto. Kijana mkubwa alishainua rungu. Mzee, bila kugeuka, alinyoosha kiganja nyuma kumzuia.

Kidole gumba cha baba kilipita juu ya kope lililoshonwa, kutoka pembe hadi pembe. Kikakwama kwenye kovu. Kikarudi, kikakwama.

"Hii imechongwa vibaya," baba akasema.

"Vibaya sana," mzee akamjibu. "Na fundi ni wewe."

Baba aliangua kicheko, kile kile cha kizimbani. Tukamwingiza garini, mlango wa upande wake tumeufunga kwa kamba.